Uamsho wa Gahini: ibada iliyofika hadi kwenye mizani

Lori linalotoka Rusumo kwenda Kagitumba hupita Kayonza, kisha hukaribia Ziwa Muhazi. Hapo kilimani ndipo ilipo Gahini. Wapita njia wengi huijua kwa hospitali yake tu. Wachache wanajua kwamba katika miaka ya 1930 kilima hicho kilikuwa chimbuko la uamsho wa Kikristo uliovuka mipaka ya Afrika Mashariki bila pasi wala kibali.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza wa Gahini, Joe Church, alikwenda Kampala akiwa amekata tamaa. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, nao wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Baadaye mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini. Alifariki Januari 1936, lakini moto ulikuwa umeshawaka: Kabale walishafanya mkutano mkubwa mwaka 1935, Kenya ikafikiwa 1937, na Burundi na Buhaya hazikubaki nyuma. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka.

Majirani hawakushangazwa na nyimbo, maana kuimba kila dhehebu huimba. Walishangaa kumwona mtu akibisha hodi kwa aliyemwibia, akiwa na ng'ombe au fedha mkononi, akiomba radhi mbele ya watoto. Kwa Balokole, ibada haikuishia kanisani. Kumcha Mungu kulimaanisha kuishi ukijua kwamba anakuona ukiwa shambani, jikoni na sokoni pia. Kila wiki walikutana na kueleza waziwazi walipoanguka. Huko walikuita kutembea nuruni. Aliyeungama wizi alitarajiwa kurudisha.

Mfanyabiashara wa leo hahitaji kufafanuliwa sana. Anaijua lumbesa, gunia lenye kilemba ambalo mkulima hulipwa kama gunia la kawaida. Anayajua mawe ya mizani yaliyochongwa, na njia za panya za usiku. Kitabu cha Mithali kinazungumzia mizani ya hila kama chukizo kwa Mungu, wala hakimtengi muuza nyanya na muuza dhahabu. Ukilipima jambo hili kwa faida, ucha Mungu wa namna hiyo una gharama: anayepima sawa Jumatatu huenda akarudi nyumbani na kidogo kuliko jirani yake. Lakini biashara ya mali kauli, ile ya kuchukua mzigo leo na kulipa ukishauza, haina dhamana nyingine zaidi ya neno la mtu.

Kuhusu madeni, Balokole wenyewe hawakukubaliana. Katika miaka ya 1970 kundi la Bazukufu huko Kigezi lilikataza wafuasi wake kukopa, likiona deni ni kamba shingoni mwa muumini. Wengine waliona hilo limezidi. Nani atafungua duka bila mkopo? Ubishi huo haujaisha.

Wala uamsho haukukosa lawama. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa, kisa kikiwa maombi ya alfajiri waliyokatazwa. Wakubwa waliwaona watu wa kiburi, wanaojihesabu watakatifu kuliko wengine, na pengine si wote walioonewa kwa lawama hiyo.

Swali zito zaidi lilikuja mwaka 1994. Rwanda, ulikoanzia uamsho, iliona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Wakristo waliokuwa wakiimba pamoja waliua majirani zao. Baadhi ya waliouawa walikuwa wamekimbilia makanisani. Walikuwepo pia waumini waliokataa kutenganishwa kwa kabila na wakalipa kwa uhai wao. Hakuna kanisa katika eneo hili linaloweza kuzungumzia ibada bila kuyataja yote mawili.

Mkutano wa Kabale umekuwa ukirudiwa kila baada ya miaka 10 tangu ule wa 1935. Wageni kutoka Rwanda huingilia Gatuna, barabara ileile wanayopita wachuuzi na magunia yao.