Neno lililonishinda kumtafsiria mama

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii walinisikia nikikwama. Niliulizwa: neno gani lilikushinda kumtafsiria mama hospitalini? Jibu langu halikueleweka, kwa hiyo naandika.

Sisi tuliozaliwa Joburg na wazazi waliotoka Tanga, kazi hii tunaijua tangu utotoni: barua za benki, fomu za uhamiaji, na sasa daktari wa saratani. Daktari alisema uvimbe wa mama una vipokezi vya estrojeni, kwa hiyo atakunywa tamoksifeni kwa miaka 5. Mimi nikafupisha: "Mama, saratani yako inalishwa na homoni."

Mama akanikazia macho. "Basi ni zile sindano za uzazi wa mpango nilizokuwa nachoma kule Yeoville. Na hivi vidonge si homoni tena? Sinywi, mwanangu."

Nilimharibia mwenyewe. Ikabidi nikasome.

Ndani ya titi kuna seli shina chache. Hizo ndizo zinazozaa seli nyingine, kama mgomba unavyotoa machipukizi. Mwaka 2010 watafiti wa Melbourne na wa Toronto walionyesha, kwa panya, kwamba projesteroni ikipanda seli hizo huongezeka. Cha ajabu, zenyewe hazina vipokezi, yaani hazina sikio la homoni. Seli jirani ndiyo inayosikia, kisha inapeleka habari: gawanyika. Na kila seli inapogawanyika, kosa linaweza kuingia kwenye jeni. Makosa yakirundikana miaka na miaka, saratani inaweza kuanza.

Na sindano? Swali la mama si la kijinga hata kidogo. Liliulizwa hapa hapa Johannesburg. Watafiti walihoji wanawake weusi waliokuwa na saratani mbalimbali kati ya 1995 na 2006, na majibu yakatoka 2012. Waliokuwa bado wanatumia sindano au vidonge, au walioacha karibuni, walikuwa na hatari kubwa kiasi ya saratani ya titi. Ila hatari hiyo ilikuwa ya muda: miaka ikipita tangu kuacha, inafifia. Tena waliotumia kwa miaka mingi walionekana kupata nafuu upande wa saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Mama aliacha sindano zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Jumapili nikakaa naye jikoni, nikaanza upya. "Mama, seli za uvimbe wako zina viti. Estrojeni ikija ikakaa, zinaongezeka. Hiki kidonge hakimlishi mgeni. Kinawahi kukaa kwenye kiti, mgeni akija akose pa kukaa."

Akanyamaza, akakoroga chai yake.

"Kumbe kinakalia kiti tu," akasema. "Si ungesema hivyo siku ile kwa daktari?"

Akanyoosha mkono kuchukua maji.

Na wewe, neno gani lilikushinda mbele ya daktari? Tuandikie, tutalisoma kipindi kijacho.