Kontena likibadilishwa, daftari lisipotee
Mfanyabiashara anayepokea oda za Busia na Namanga kwa mtandao anahitaji kujua mfumo wake ulikwama lini. Prometheus, programu ya bure iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, huweka kumbukumbu hizo. Lakini ikiendeshwa ndani ya kontena la Docker bila hifadhi maalumu, kontena likibadilishwa, jipya huanza na daftari tupu.

Mwagize fundi wako mambo matatu. Data ikae kwenye hifadhi yenye jina lake. Faili la mipangilio, prometheus.yml, litunzwe nje ya kontena na liwe na nakala. Muda wa kuhifadhi nao upangwe, kwani usipopangwa, data hufutwa baada ya siku 15. Mteja akilalamikia oda ya mwezi uliopita, utakuwa na cha kumwonyesha.