Mtazamaji Anayejibu: Tamasha la Filamu Katika Mji Mdogo

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya kampuni kubwa, kwa fedha za mtayarishaji mwenyewe, za jamaa zake au za mifuko ya ruzuku, na uhuru huo wa kuchagua hadithi huambatana na shida moja, kwamba kazi inapokamilika huwa haina njia iliyokwisha kutengenezwa ya kumfikia mtazamaji. Tamasha la filamu, yaani mkusanyiko wa siku chache ambamo filamu zilizochaguliwa huonyeshwa mbele ya hadhira na watengenezaji wake wakiwapo, ni mojawapo ya njia chache zilizobaki. Matamasha makubwa hutoa tuzo, umaarufu na wanunuzi, mambo ambayo tamasha la mji mdogo haliwezi kuyatoa kwa kiwango hicho. Lakini tamasha dogo lina jambo ambalo waongozaji wengi wa Afrika Mashariki wamelikosa kwa muda mrefu, nalo ni mtazamaji anayejibu.

Upungufu huo una historia yake. Filamu za Kitanzania zilizokuja kuitwa Bongo Movie zilipostawi katika miaka ya 2000, biashara yake ilisimama juu ya kanda za video, kisha DVD, zilizouzwa na wasambazaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambao mara nyingi walimlipa mtayarishaji kwa mkupuo mmoja na kuchukua haki zote za kazi yake. Nakala zilienea mikoani, halali na za wizi kwa pamoja, lakini habari hazikurudi kwa aliyezitengeneza, kwa hiyo mwongozaji angeweza kutoa filamu kadhaa kwa mwaka bila kujua watu walicheka wapi na walianza kupiga soga wapi.

Kwa upande wa watazamaji, mahali pa kukutania palikuwa kibanda umiza, chumba chenye mabenchi na televisheni ambamo mtu hulipa kiasi kidogo cha fedha kutazama mpira au filamu. Huko ndiko zilikoenea filamu za kigeni zilizotafsiriwa, yaani zilizorekodiwa juu yake sauti ya msimulizi anayefafanua, kutania na hata kuongeza mambo ambayo mwongozaji hakuyaweka. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo nchini Tanzania. Hadhira iliyolelewa hivyo haikai kimya mbele ya skrini: humwonya mhusika, humzomea mwongo, hubashiri mwisho kwa sauti. Mgeni aliyezoea kumbi za miji mikubwa huenda akaona huo ni utovu wa adabu, ingawa kwa mwandishi wa hadithi za filamu hakuna tathmini iliyo ya haraka na ya kweli kuliko hiyo.

Mfano wa Zanzibar waonyesha udogo wa mji unavyoweza kufanya kazi. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997 na kuongozwa kwa miaka kadhaa na Martin Mhando, mmoja wa waongozaji wawili wa filamu ya Maangamizi (2001), lilijikita Ngome Kongwe, ambako filamu huonyeshwa nje chini ya anga. Onyesho likiisha, watu huvuka barabara tu wakawa kwenye bustani ya Forodhani, na mwongozaji hujikuta amesimama penye jiko moja la mishikaki na yule aliyemuuliza swali gumu nusu saa iliyopita. Katika jiji kubwa wawili hao wangeagana mlangoni. ZIFF pia limepeleka maonyesho katika vijiji vya Unguja na Pemba, kama ambavyo tamasha la Rwanda lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005 lilivyozunguka vilimani na skrini ya kujazwa upepo, likiwaonyesha wanavijiji filamu zinazozungumza Kinyarwanda. Hata Marekani, tamasha la Telluride, lililoanza mwaka 1974 katika mji mdogo wa milimani, halishindanishi filamu, na bado waongozaji mashuhuri hulikimbilia.

Nyanda za Juu Kusini zilionja kidogo jambo hili Desemba 2021, tuzo za filamu za taifa zilipofanyika Mbeya. Hata hivyo, hafla ya tuzo si tamasha kwa maana inayozungumzwa hapa, kwa kuwa huko anayetazamwa zaidi ni msanii kuliko filamu yake. Kwa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mfano wa kujifunzia uko Goma, mashariki mwa Kongo, mji wa mpakani ambako Petna Ndaliko Katondolo na kituo cha Yole!Africa walianzisha tamasha katikati ya miaka ya 2000, vita vikiwa havijaisha, ili vijana wa Kivu wajisimulie wenyewe badala ya kusimuliwa na kamera za wageni.

Tunduma, mkoani Songwe, nayo ni mji wa mpakani, kati ya Tanzania na Zambia, na hadhira yake ni ya aina ambayo Dar es Salaam haina: Wanyamwanga walio pande zote mbili za mpaka, Wanyiha wa Mbozi, wafanyabiashara kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wanaozungumza Kibemba, na madereva wa malori ya shaba wanaosubiri zamu ya kuvuka. Filamu inayoeleweka na kundi kama hilo bila msimulizi imepita mtihani mzito. Maandalizi ya tamasha huko Tunduma, hata hivyo, yangekuwa na mambo yake ya pekee. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, haina mvua ya kuharibu projekta lakini usiku wake ni wa baridi kali, na kwa kuwa mji uko magharibi mbali na pwani, giza la kutosha kwa skrini ya nje huchelewa kwa takriban nusu saa likilinganishwa na la Dar es Salaam. Aidha, Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo tangazo la onyesho la saa mbili usiku lingepaswa kubandikwa upande wa Nakonde likisomeka saa moja, la sivyo nusu ya watazamaji wangefika filamu ikiwa imekwisha kufika katikati.