Ndoo thelathini za Kana

Katika simulizi la harusi ya Kana (Yn 2:1-11) sisi wahubiri hukimbilia muujiza wenyewe, au maombezi ya Bikira Maria, tukampita njiani mkuu wa meza. Mtu huyu alikuwa mwonjaji hodari. Anaonja, anatambua papo hapo kwamba hii ni bora kuliko ile ya mwanzo, kisha anamwita bwana arusi na kumsifu. Ulimi wake haukukosea. Lakini Mwinjili Yohane anaongeza neno dogo la kutusimamisha: mkuu wa meza hakujua divai ile imetoka wapi. Waliojua ni watumishi, kwa sababu wao ndio walioteka maji.

Tupige hesabu kidogo. Mitungi ilikuwa 6, ya mawe, na kila mmoja ulichukua nzio mbili au tatu. Nzio moja ni karibu lita 40. Tukikadiria katikati tunapata lita 600, na tunaambiwa waliijaza hadi ukingoni. Kwa ndoo zetu za lita 20, hizo ni ndoo 30. Mama anayeamka alfajiri kwenda kisimani hahitaji padre amweleze ndoo 30 ni nini. Ni shingo, ni mgongo, ni asubuhi nzima.

Nimekuwa nikiyafikiria haya tangu jioni moja ya mwezi Juni, uani mwa nyumba ya mapadre hapa Kamsamba. Kwa msomaji asiyepajua, Kamsamba ipo bondeni, wilaya ya Momba mkoani Songwe. Ukivuka daraja la mto Momba unaingia Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa. Ni nchi ya joto, mpunga na ufuta. Divai si kinywaji cha huku. Wazee wetu wanajua kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija, watu wakiwa wameketi kukizunguka chungu. Na siku hizi, kwa bahati mbaya, vijana wanajua vikali zaidi ya hapo.

Mwezi huo ilikuja familia moja kutoka Dodoma, baba, mama na binti yao, kununua mchele kwa ndugu yao ambaye ni muumini wetu. Wana ekari chache za mizabibu na wanatengeneza divai nyumbani kwao. (Wao husema mvinyo; sisi wa altareni tumezoea kusema divai.) Walikuja na chupa nne, wakaomba tukae pamoja tuonje. Tulikuwa watu kumi: katekista, wazee wa halmashauri, mwalimu mstaafu, na akina mama wawili wa WAWATA. Glasi zilikuwa zetu za chai. Chupa tulizizamisha kwenye mtungi wa maji tangu mchana, maana joto la Kamsamba halina huruma.

Mgeni hakuanza na kumimina. Alianza na udongo. Alisema mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mti kama kule Ulaya. Mkulima mwenyewe huuamsha kwa kuupogoa. Mvua ni chache, na hilo linausaidia, kwani unyevu ukizidi magonjwa nayo huzidi. Babu yake alikuwa kibarua katika shamba la wamisionari Wakatoliki pale Bihawana, ambako mizabibu ilipandwa katikati ya karne iliyopita, akarudi kijijini na vijiti vichache vya kupandia. Familia inasimulia kwamba altare ilitangulia, biashara ikafuata.

Kisha tukaonja. Chupa ya kwanza ilikuwa nyeupe, kavu, yenye uchachu wa limau. Ya pili ilikuwa nyekundu, na mzee mmoja alipoinywa alikunja uso kama aliyetafuna ndizi mbichi. Binti akaeleza kwamba ule ukakasi hutoka kwenye maganda na mbegu. Zabibu nyingi nyekundu ukizikamua maji yake ni meupe. Wekundu unatokana na kuyaacha maji hayo yakae na maganda yake siku kadhaa wakati chachu inakula sukari na kuigeuza kileo. Hewa ikiingia baada ya hapo, divai huelekea kuwa siki. Nusu ya kazi, alisema, ni kupigana na hewa.

Halafu mama yake akafanya jambo lililotushangaza. Alionja, akafumba macho, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo ndogo aliyoiweka pembeni. Wazee walicheka sana. "Mama, unamwaga mali!" Akacheka nao, akaendelea kutema.

Ilipofika chupa ya tatu, mmoja wa wale akina mama wa WAWATA aliweka glasi yake chini bila kuigusa. Akasema, "Baba, naomba nisamehewe. Nyumba zetu zinaungua kwa pombe. Mpunga ukiuzwa hela inaishia kilabuni, ada ya watoto haipo. Leo tumekaa na Baba hapa kufundishwa kunywa?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa bado natafuta neno, mgeni wetu wa kike akanitangulia. Alisema, "Mama yangu, umeuliza haki. Mdogo wangu tumemzika kwa pombe. Ndiyo maana mimi sinywi. Naonja kwa sababu ndiyo kazi inayosomesha watoto wangu, kisha natema." Akaisogeza ile ndoo kidogo, kama mtu anayeonesha chombo chake cha kazi.

Sitaki kulifunika swali la yule mama kwa mistari ya Biblia, ingawa mistari ipo. Yoshua bin Sira, sura ya 31, anaisifu divai inywewayo kwa kiasi na palepale anaeleza uharibifu wake ikizidi. Mtume Paulo anamshauri Timotheo atumie kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kanisa Katoliki halijawahi kuiita divai dhambi, na haliwezi, maana inapelekwa altareni kila asubuhi. Lakini Kanisa hilohilo linajua kwamba wapo wasioweza kuigusa. Mwaka 2003 Idara ya Mafundisho ya Imani ilieleza upya jinsi padre mwenye ugonjwa wa ulevi anavyoweza kuruhusiwa kuadhimisha Misa kwa maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa mapema. Na muumini anayepokea hostia peke yake amempokea Kristo mzima, hajapunjwa kitu. Mama yule aliyeweka glasi chini hakuwa nje ya meza. Tungekuwa na wengi kama yeye, nyumba nyingi zingepona.

Tukumbuke pia kwamba kunywa si kitu kimoja. Pombe kali za viroba, zilizopigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, hazikutengenezwa zionjwe. Ziliuzwa kwa bei ya mfukoni zimalizwe haraka, na mnywaji hakuwa na haja ya kujua zimetoka shamba gani. Gongo ndiyo hivyo hivyo. Sisemi kwamba anayejua jina la shamba hawezi kulewa. Nimewaona wasomi wamelala mtaroni. Nasema tu kwamba jioni ile tulikaa saa tatu na chupa nne, watu kumi, na hakuna aliyeinuka akiyumba, kwa sababu muda mwingi tulikuwa tunasikiliza habari za kazi.

Na kazi yenyewe ina machozi. Zabibu ikiiva haisubiri. Mkulima asiye na mnunuzi anazikamua mwenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, akiomba kiwanda kimpigie simu. Kilio cha soko la zabibu Dodoma ni cha miaka mingi, kimefika hadi bungeni. Familia hii ilikuwa na matangi matatu ya mavuno ya Machi yasiyo na mnunuzi. Walisafiri Iringa, Mbeya, Mlowo, kisha vumbi mpaka huku, watafute faida kidogo kwenye mchele wakati wakisubiri.

Ndipo mgeni akaniuliza, kwa unyenyekevu, "Baba, ninyi hapa divai ya Misa mnaipata wapi?" Katekista akaenda sakristia, akarudi na chupa. Tukaisogeza kwenye taa. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni, na kati ya watu kumi hakuna aliyeweza kuyasoma yote. Nimeiinua divai hiyo kwenye kalisi miezi kadhaa, nikisali juu ya tunda la mzabibu na kazi ya mikono ya watu, na sikuweza kuwaambia ni mikono ya nani.

Si jambo rahisi la kununua kwa jirani. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inadai divai ya asili, ya zabibu, isiyoharibika, na haitakiwi kuchanganywa na vitu vingine. Padre hachukui chupa yoyote sokoni, anahitaji uhakika. Lakini uhakika hutafutwa. Nimeandika jimboni kuuliza utaratibu wa kupima divai ya wakulima wadogo kama hawa. Yule mama wa WAWATA, ambaye hakuionja, ndiye aliyenikumbusha mara mbili niipeleke barua posta.

Wageni waliondoka alfajiri na magunia manne ya mchele. Wiki tatu baadaye binti alinitumia ujumbe. Matangi mawili yamepata mnunuzi. La tatu mfuniko wake ulilegea, hewa ikaingia. Mama yake alionja, akatema, na safari hii hakuhitaji kufumba macho. Sasa wanatafuta wa kununua siki.