Elfu hamsini, na kompyuta ya gemu

"Mjomba, nimeona sanduku la kioo lina taa za rangi!" Mpwa wangu yuko Nanyuki, na mwaka mzima amedunduliza shilingi 50,000 za kompyuta ya kuchezea gemu. Nikamwambia taa hazichezi mpira. Pesa nyingi ziende kwenye kadi ya grafiki, ndiyo inayochora picha.

Tulianzia mitumba ya maofisini: Dell OptiPlex ama HP EliteDesk yenye Core i5 ya kizazi cha 8, kwani Windows 11 haikubali rasmi zilizo chini ya hapo. Hapa ndipo wengi huumia. Lile sanduku jembamba lapendeza mezani, lakini kadi ya kimo cha kawaida haiingii, na pauwa yake ni ndogo, tena ya umbo lake pekee. Chukua lile refu. Kisha tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Hiyo haizidi wati 75, nazo huzipata kwenye ubao wenyewe.

RAM, vipande viwili vya GB 8 vyashinda kimoja cha 16. SSD ni lazima. Monita ya 1080p yatosha.

Yeye baridi ya mlima yampozea mashine bure. Sisi wa Mombasa tuna joto na hewa ya chumvi, kwa hivyo kadi ya mtumba ikague kutu kabla hujalipa.

Kilichobaki ataka kununulia kibodi ya taa. Mimi nasema UPS, stima isije ikamkatikia. Hadi leo twabishana.