Mkonge Tulioupita Tukisinzia

Ukisimama steji ya Bombolulu, Mombasa, asubuhi, makanga hukugombania: huyu anaita Town, yule Mtwapa, mwengine Kilifi. Ukipanda ya Kilifi, ukishavuka daraja la Mtwapa na kwenda mbele kidogo, dirisha linajaa mkonge, safu baada ya safu mpaka macho yachoke. Nimepita hapo miaka mingi nikisinzia. Kumbe kuna waliokuwa macho.

Mkonge ule ulikuwa wa Rea Vipingo, kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Ilikuwa ndogo: hisa milioni 60 tu, na mwaka 2013 hisa moja ilipatikana kwa chini ya shilingi 30. Watu walizungumzia Safaricom na mabenki. Nani wa kuhangaika na kamba? Novemba mwaka huo REA Trading, iliyokuwa tayari na hisa nyingi, ikatangaza kununua zilizobaki kwa shilingi 40. Kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaja na 50. Mnada ukapamba moto, na hatimaye bei ikafika shilingi 85. Mwaka 2015 kampuni ikaondoka sokoni, nayo Centum ikatoka na zaidi ya ekari 10,000 za ardhi.

Wakubwa hawakuwa wakigombania kamba tu, bali pia ardhi ya Pwani iliyo kando ya barabara kuu. Ardhi iliyonunuliwa zamani yaweza kukaa vitabuni kwa bei ya zamani, huku ploti za jirani zikipanda kila mwaka. Abiria wa Bombolulu alijua bei ya ploti Mtwapa. Mchambuzi wa Nairobi alijua hesabu za kampuni. Faida ilimngoja aliyejua yote mawili.

Huo ndio utamu wa kazi ya kuchunguza hisa za kampuni ndogo. Wanaotaka kuifanya kwa cheti wana mtihani wa CIFA, wa wachambuzi wa uwekezaji na fedha, unaosimamiwa na bodi ya mitihani ya KASNEB, na tangu mwaka 2015 kuna sheria inayowasimamia wachambuzi hao. Waajiri ni madalali wa hisa, kampuni za bima na wasimamizi wa mifuko ya pensheni. Lakini hao wote huzikwepa kampuni ndogo. Dalali hula kamisheni, na hisa isiyouzwa haimlishi. Mfuko wa mabilioni nao hauna cha kununua pale kikatosha. Basi uwanja unabaki kwa mwenye subira na macho ya kusoma.

Mimi ripoti ya mwaka huianza nyuma. Mbele kuna picha ya mwenyekiti akitabasamu. Nyuma, kwa maandishi ya kuumiza macho, ndiko kunakoandikwa kampuni imekopa kwa nani, imefanya biashara gani na jamaa za wakurugenzi, na kama ile faida imeingia benki au ingali mifukoni mwa wadeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi hii ni kulifungua daftari la mwenzio na kumuuliza maswali.

Shida ni mlango wa kutokea. Safaricom ina hisa bilioni 40. Limuru Tea ina milioni 2.4, na zaidi ya nusu zimo mikononi mwa mwenyehisa mmoja. Niliwahi kununua hisa za kampuni moja ndogo, nisiyoitaja, nikaona bei imepanda. Nikampigia dalali auze.

"Bosi, bei iko, wanunuzi ndio hakuna," akanijibu.

Nilingoja miezi saba, na bei ikashuka nikiitazama.

Na si kila kichanga hukua. Home Afrika ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye kitengo cha kampuni zinazokua, Julai 2013, kwa shilingi 12 kwa hisa. Baadaye ikaanguka chini ya shilingi moja. Nayo ilihusu ardhi na nyumba, kwa hiyo kusikia neno "ardhi" pekee hakumtajirishi mtu.

Hata hivyo, mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitoa shilingi 65 kwa kila hisa ya Bamburi Cement, ambayo kiwanda chake cha Mombasa kiko mwendo mfupi tu kutoka Bombolulu. Kwa mara nyingine, mali tunayoipita kila siku ilipimwa na watu wa mbali.

Zamani katika soko la Nairobi ungehitaji kununua hisa 100 kwa mpigo. Tangu Agosti 2025 hata moja yauzwa. Zipo zinazopungua nauli ya kufika Mtwapa. Kijana anayeitaka kazi hii na anunue moja. Haitamtajirisha, lakini itampa haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza kuhusu ule ukurasa wa nyuma. Na siku ya safari ya Kilifi, akae dirishani, asisinzie.