Friji ya Gesi na Stima Ndani ya Karavani: Namna ya Kuifunga na Kuitunza

Mkulima anayeuza maziwa, siagi au nyama sokoni kwa karavani, yaani nyumba ya magurudumu ivutwayo na gari, huenda akakuta ndani yake friji ya namna ya pekee. Friji hii hutumia gesi, au stima ya betri ya volti 12, au stima ya nyumbani ya volti 240. Ni chombo chema mahali pasipofika nyaya za stima. Lakini ikifungwa ovyo humaliza betri, huharibu maziwa, na hata huweza kuua watu. Yafaa basi mwenye kuinunua aijue kwanza.

Friji nyingi za dukani zina mota. Hii haina mota, wala hakuna kitu kinachozunguka ndani yake. Iliyabuniwa na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Kazi yake ni hii. Amonia iliyochanganywa na maji hupashwa moto nyuma ya friji, upande wa chini. Amonia huwa mvuke, ikapanda juu katika mabomba. Huko hupozwa na hewa ya nje, ikawa majimaji tena, kisha hutiririka mpaka mabomba ya ndani. Hapo hukutana na gesi iitwayo haidrojeni, hugeuka mvuke mara ya pili, na inapogeuka huchukua joto la chakula. Ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji: unyevu wa nje ukikauka, huondoka na joto. Mwisho amonia hurudi katika maji yake, na kazi huanza upya.

Maana yake ni kwamba friji hii huendeshwa na moto. Ukiisha kulijua neno hilo, mashauri yafuatayo yataeleweka.

ISIMAME SAWA. Majimaji hurudi chini kwa uzito wake tu. Karavani ikiegeshwa mahali penye mteremko, majimaji hukwama, mabomba hupata moto kupita kiasi na mwisho huziba. Weka pimamaji juu ya sakafu ya friji, kisha tia mbao chini ya magurudumu mpaka iwe sawa. Gari likiwa safarini mtikisiko hauna madhara. Kuegesha kwa upande saa nyingi ndiko kubaya.

STIMA YA BETRI. Friji ya wati 120 hula ampea 10 kutoka betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 60 itakwisha kwa saa 6, na kuimaliza hivyo huiharibu. Basi tumia betri wakati injini inapokwenda tu. Fundi aweke rilei, ambayo ni swichi inayokata stima yenyewe injini ikizimwa. Waya nao usiwe mwembamba, kwa sababu waya mwembamba hupoteza nguvu njiani. Volti 12 zikifika 10 tu, joto hupungua karibu theluthi moja, na maziwa hayapoi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 hufaa, na fyuzi ya ampea 15 iwe karibu na betri.

STIMA YA NYUMBANI. Kazi hii mwachie fundi wa stima. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, ni lazima ufungwe. Tena soma kibao kilicho nyuma ya friji kabla ya kununua. Friji zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia volti 120. Ukiichomeka katika volti 240 hupata moto mara nne ya kadiri yake na kuungua. Wala usiwashe gesi na stima kwa pamoja. Chagua kimoja.

GESI NA HEWA. Moto mzuri ni wa rangi ya buluu na umetulia. Moto wa manjano hutoa masizi na moshi wa sumu usioonekana wala kunuka, ule ule unaoua watu waliolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Kwa hiyo nyuma ya friji pawe na matundu mawili ya kutokea nje, moja chini na moja juu, na upande wa chumba pazibwe kabisa. Usizibe matundu hayo kwa gunia ati kuna baridi. Gesi ya silinda ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hukaa sakafuni, basi pawe na tundu la sakafuni pia. Pima viungo vya mpira kwa povu la sabuni, usipime kamwe kwa kiberiti. Ukifika kituo cha petroli, zima moto wa friji kabla ya kuingia.

Wakulima wa nchi za juu kama Kinangop na Molo, ambako mwinuko hupita mita 2,000, wajue kwamba hewa huko ni nyepesi, na moto wa gesi huweza kuzimika au kuwa wa manjano. Kama stima ipo, heri kutumia stima.

KUITUNZA. Kila mwaka fundi asafishe bomba la moshi na kichomeo. Tundu dogo la kutolea gesi lisichokolewe kwa sindano, kwa maana likipanuka moto huharibika. Barafu ikiwa nene, zima friji uiache iyeyuke, usiikwangue kwa kisu. Fungia karatasi mlangoni: ikivutika bila kushika, mpira wa mlango umechakaa.

Washa friji usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa hupoa polepole. Usitie ndani debe la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, kwani friji ndogo haina nguvu hiyo. Yapoze kwanza katika maji baridi, halafu yagawe katika vyombo vidogo. Weka kipima joto, na maziwa yasizidi digrii 4.

Ukisikia harufu kali ya amonia, au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, mabomba yamepasuka. Zima moto, fungua milango, toa watu nje. Usijaribu kuyachomea, kwa sababu ndani mna haidrojeni inayowaka na amonia inayopofusha macho. Friji hiyo isiwashwe tena mpaka fundi aliyefundishwa kazi hiyo abadilishe mabomba yote.